Magunia Nyuma ya Karavani

Dada yangu aliinunua karavani kwa wazungu wawili, mume na mke, waliokaa ndani yake miaka kadhaa pembeni mwa msitu wa Kakamega wakichunguza ndege. Kazi yao ilipokwisha walitaka kuondoka upesi, na hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Ilikuwa kijumba cha bati jepesi kilichopakwa rangi ya maziwa, chenye magurudumu mawili, dirisha mbele, dirisha nyuma na mlango ubavuni. Ndani mlikuwa na kitanda upande wa mbele, kitanda upande wa nyuma, na katikati kabati na sinki lisilo na maji. Watu wa Malava walicheka. Mjane, fundi wa cherehani, mwenye watoto wa kusomesha, amekwenda kununua nyumba isiyo na msingi.

Lakini dada alikuwa ameshafikiri. Malava ilikuwa na mafundi wengi kuliko nguo za kushona. Kule Lugari, upande wa Lumakanda, watu walivuna mahindi mwisho wa mwaka, wakati uleule watoto wao wanapohitaji sare za shule za Januari, na mafundi kule walikuwa wachache. Mumias nako, kabla ya Idi, wateja walisongamana kwa ajili ya kanzu. Alitaka kuwafuata watu waliko, akiwa na cherehani zake, vitambaa vyake, na mahali pa kulala bila kumwomba mtu sakafu.

"Nimechoka kukaa mlangoni nikiangalia barabara," aliniambia. "Sasa mimi ndiye nitakayepita."

Alichokosa ni gari, na gari lilikuwa kwetu. Mume wangu alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha sukari, yule anayepima matrela ya miwa yanapoingia, mpaka miaka ile ya tisini walipoanza kupunguza watu. Alipunguzwa pamoja na wenzake. Alichopewa wakati wa kuondoka alinunulia pikapu kuukuu, akakaa nayo nyumbani akiifuta vumbi na kusubiri aitwe tena. Aliamini ataitwa. Kwa hiyo dada alipokuja kumwomba amvutie karavani, mimi nikiwa msaidizi wa kukunja pindo na kushona vifungo, alikubali kama mtu anayekubali kibarua cha wiki moja.

"Mulamwa," alimwambia, kwa neno letu la shemeji, "nitakuvutia mpaka hawa watu wa kiwanda wanikumbuke."

Safari ya kwanza ilitutoa Malava asubuhi kuelekea Webuye, njia ya Lumakanda. Dada alikuwa ameziweka cherehani mbili, zile za kukanyaga kwa miguu zenye miguu ya chuma, nyuma kabisa chini ya dirisha, kwa sababu huko kulikuwa na mwanga. Sisi watatu tulibanana mbele ya pikapu. Kwenye mteremko wa kwanza mume wangu alipoongeza mwendo, niliona katika kioo cha pembeni kile kijumba kikijitokeza upande wangu, kikarudi, kikajitokeza upande wake, kikarudi, na kila mara kilijitokeza zaidi. Usukani ulimcheza mikononi. Akafunga breki, na hapo mambo yakawa mabaya zaidi, kana kwamba kuna kitu kikubwa kimeishika pikapu mkia na kinaitikisa. Tulikuja kusimama kwenye nyasi, pua ya gari ikitazama shamba la mtu.

Mume wangu alishuka, akaizunguka karavani, akapiga gurudumu teke, akarudi.

"Hiki kitu kina shetani," alisema.

"Kina cherehani," dada akajibu, kwa sababu alikuwa amefungua mlango na kuziona zimeanguka ubavu, vitambaa juu yake. Lakini hakumaanisha kile tulichokuja kujua baadaye. Alikuwa anaomboleza vyombo vyake tu. Tulifika Lumakanda kwa mwendo wa baiskeli, malori yakitupigia honi.

Tuliendelea hivyo safari kadhaa. Mume wangu akalaumu barabara, akalaumu upepo, akalaumu wazungu waliotengeneza kitu cha kuchezea. Tuliporudi alikuwa na maumivu ya mabega, na mimi nilimkanda kwa maji ya moto huku akisema hataki tena. Asubuhi yake akaenda.

Mvua ndiyo iliyotufundisha. Tulikuwa Mumias, na paa la karavani likaanza kuvuja upande wa nyuma. Mimi na dada tuliziburuta cherehani hadi katikati, tukazisogeza mbele kidogo ya magurudumu, sakafuni, na vitambaa tukavirundika kwenye kitanda cha mbele. Kesho yake tulipokuwa tunarudi Kakamega, karavani ilifuata nyuma yetu kama ng'ombe aliyezoea kamba. Haikuyumba hata mara moja. Mume wangu aliendesha kwa muda, kisha akasimama kando ya barabara na kuzima gari.

"Mmefanya nini huko ndani?"

"Tumehamisha cherehani," nikasema. "Panavuja."

Halafu alifanya jambo lililonifurahisha kuliko mambo mengi katika ndoa yetu. Aliingia ndani, akazirudisha cherehani nyuma, akaendesha kipande cha barabara, na karavani ikaanza kutikisa mkia. Akasimama, akazipeleka mbele, ikatulia. Alikuwa amefanya kazi ya uzito miaka mingi, na sasa uzito ulikuwa unamweleza kitu. Siku iliyofuata alizipeleka mbele zaidi, mpaka kwenye kitanda, na nyuma ya pikapu ikachuchumaa, usukani ukawa mwepesi mno. Akazirudisha kidogo. Akajifunza kunyanyua kwa mikono kile chuma cha mbele cha karavani kinachokaa juu ya ndoano ya gari: kikinyanyuka kirahisi, mzigo umekaa nyuma mno, kikikataa kabisa, umezidi mbele, akinyanyua akiuma meno, ni sawa. Aligundua kwamba ndoano yenyewe ilikuwa imelika na inacheza, akampelekea fundi wa kuchomelea mjini Kakamega, naye akamtengenezea nyingine na minyororo miwili ya kushikilia iwapo ingechomoka. Magurudumu akawa anayajaza upepo sawasawa, kulia na kushoto, kabla ya kila safari. Kwenye mteremko alipunguza mwendo mapema, kabla ya kuteremka.

Na alijua la kufanya ikianza. Nilimsikia mara nyingi akiwaeleza madereva kwenye kituo cha mafuta, mkono mmoja mfukoni. "Ikianza kuyumba, wewe acha mafuta. Shika usukani umenyooka. Usijaribu kuikimbia, usiguse breki. Iache ichoke yenyewe." Madereva walitikisa kichwa na mimi nikakaa ndani ya gari nikijivunia mume.

Naeleza haya yote kwa urefu ili ieleweke kwamba alijua. Alijua kuliko mimi, kuliko dada. Hakuna mtu Kakamega nzima aliyejua kuvuta kile kijumba kama yeye.

Tulipata mwaka mmoja mzuri na nusu ya mwingine. Dada alishona kwa mikono na miguu kama mashine yenyewe. Wakati wa mavuno tulikaa Lumakanda wiki nzima, karavani ikiwa imeegeshwa karibu na soko, mlango wazi, nguo za bluu na za kijani zikining'inia juu ya mlango. Watu wa kule wametoka pande nyingi, na dada alijifunza salamu za wote. Jioni tulipika ugali kwenye jiko la makaa nje, mume wangu akala akiegemea gurudumu, na dada akamtania kwamba ameolewa na wanawake wawili, mmoja wa kumkanda mabega na mwingine wa kumpa kazi. Alicheka. Lakini ikipita gari yenye mtu wa kiwanda aliyemfahamu, aliacha kucheka na kusimama wima.

Mtu mmoja wa aina hiyo alikuwa na shamba karibu na Lumakanda. Alikuwa mkubwa wake wa zamani kule kiwandani, na yeye hakupunguzwa. Baba yake alipata shamba wakati wazungu walipokuwa wanaondoka Lugari, na yeye alikuja mwisho wa wiki kulitazama akiwa na kofia na fimbo. Desemba ile alimkuta mume wangu sokoni.

"Kumbe umekuwa mchuuzi," alimwambia.

"Namsaidia shemeji tu, mzee. Kwa muda."

"Kuna nafasi zinafunguliwa mwaka ujao. Nitaona." Kisha akatazama karavani. "Hii inaelekea wapi?"

"Malava, halafu Kakamega."

"Basi utanibebea mahindi yangu kidogo mpaka nyumbani Kakamega. Gari langu limeharibika, na mimi mwenyewe nitapanda na wewe."

Dada hakuwepo katika mazungumzo hayo. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha mbele cha karavani akitetemeka kwa malaria, blanketi mbili juu yake, na nilikuwa nimemwambia mume wangu asubuhi ile kwamba ni lazima tumfikishe zahanati ya kwao Malava upesi. Ndiyo sababu tulikuwa tunarudi kabla ya siku yetu.

Mahindi kidogo yalikuwa magunia yaliyojaza pikapu mpaka juu, na bado mengine yakabaki chini. Wapagazi wa yule mzee wakaanza kuyabeba kuyaingiza kwenye karavani. Mbele alikuwa amelala dada. Katikati zilikuwa cherehani. Palipobaki wazi ni nyuma tu, na huko ndiko walikoyapanga, juu ya kitanda na chini yake, moja juu ya jingine mpaka dirisha likafichika nusu.

Nilimvuta mume wangu kando ya gari.

"Unaona wanakoweka?"

"Naona."

"Baba watoto, si ni wewe uliyesema? Kinyanyue kile chuma uone."

Hakukinyanyua. Aliangalia upande wa yule mzee, aliyekuwa ameshaketi mbele, mlango wazi, akijipepea kwa kofia. "Nitaenda polepole."

"Mwambie haya mengine yatakuja kesho."

"Mwenye mali ameketi pale. Unataka niende nimwambie nini? Kwamba mke wangu amekataa?"

"Mwambie wewe umekataa. Wewe ndiye dereva."

"Usinifundishe kazi mbele ya watu," alisema, na sauti yake ikapanda kiasi kwamba mmoja wa wapagazi aligeuka. "Ingia ndani ukae na dada yako."

Pale mbele ya pikapu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi, lakini yule mzee alikuwa mnene na alikuwa ameweka mfuko wake wa maparachichi kwenye kiti. Niliingia kwenye karavani. Nilikaa sakafuni karibu na dada, mgongo kwenye cherehani, na mlango ukafungwa kwa nje.

Mwanzoni alienda polepole kweli. Nilianza hata kumwonea huruma. Nilimpa dada maji, akanywa, akaniuliza tuko wapi, nikasema bado. Joto lilikuwa jingi na magunia yalinuka vumbi la shambani. Tulipofika barabara kuu ya lami nikasikia gari linabadili gia. Nilijua kwamba mle ndani ya pikapu mtu ameanza kumwambia kitu, kwa sababu mwendo uliongezeka kidogo, ukaongezeka tena.

Kisha barabara ikaanza kuteremka kuelekea Webuye. Sakafu ilisogea chini yangu, upande mmoja, taratibu, halafu upande mwingine. Kwa aliye ndani haifanani na inavyoonekana kwenye kioo. Mle ndani ni kama kukaa kwenye ncha ya fimbo ambayo mtu mwingine ameishika. Niliinuka, nikashika kabati, nikafika kwenye dirisha la mbele na kuligonga kwa viganja. Nilikuwa naona magunia ya pikapu, na juu yake kipande cha kioo cha nyuma na vichwa vyao viwili. Nilikuwa naona pia barabara, kushoto na kulia, maana kila karavani ilipokwenda upande nilioneshwa upande huo wote. Ilikuwa tupu. Kulikuwa na mama mmoja pembeni na ndoo kichwani, amesimama anatutazama. Hapakuwa na lori lolote, la kuja wala la kwenda.

"Acha mafuta," nilikuwa nasema, kana kwamba angenisikia. "Acha mafuta tu."

Nikaona taa nyekundu za pikapu zinawaka. Alifunga breki.

Cherehani moja ilinipita. Dada aliangushwa kutoka kitandani, na karavani ilipolala ubavu, cherehani hiyo ilimwangukia kwenye paja. Bati lilichanika kama karatasi upande wa nyuma, na magunia yakatoka kupitia hapo. Mimi nilipasuka kichwa tu, juu ya sikio. Nilimsikia dada akilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku ya kumzika mumewe.

Pikapu ilikuwa imegeuka ikatazama ilikotoka, lakini ilisimama kwa magurudumu yake. Mume wangu alikuja mbio, akafungua mlango uliokuwa sasa umeelekea juu, akashuka ndani. Alikuwa analia. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Tulimtoa dada kupitia palipochanika. Watu walikuwa wameanza kufika kutoka mashambani, na wengine walikuja na karai na mifuko, kwa sababu mahindi yalikuwa yamemwagika mpaka mtaroni. Nilipogeuka kutafuta msaada, nilimwona yule mzee. Alikuwa ameketi juu ya magunia mawili mazima, amenyoosha fimbo, akiwafukuza watu.

"Tushushe haya ya kwenye pikapu tumpeleke mgonjwa," nilimwambia.

"Na ni nani atayalinda yote haya?" aliniuliza. "Simamisheni gari nyingine."

Na mume wangu aliyasimamisha magari mengine. Alisimama katikati ya barabara akiinua mikono, wakati gari lake mwenyewe liko pale na lingewaka. Mwalimu mmoja aliyekuwa na gari dogo ndiye aliyetupeleka hospitali.

Paja la dada lilivunjika mara mbili. Walimlaza miezi, mguu ukiwa umevutwa kwa kamba na uzito, na ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na haukukunjika vizuri gotini. Hakuweza tena kukanyaga cherehani.

Siku chache baada ya ajali, mimi na mume wangu tukiwa tumekaa jikoni, aliniambia bila mimi kumwuliza. "Alikuwa ananiambia niharakishe. Alisema ana kikao. Ilipoanza nilijua la kufanya. Nilikuwa nimeshainua mguu. Yeye akaniambia, funga breki, wewe, funga breki. Na nikafunga." Aliitazama mikono yake. "Kama mtoto."

Nilimshika bega. Angebaki na maneno yale tu, ningekuwa bado niko kwake. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sijabadili neno.

Lakini wiki ileile yule mzee alikuja kututembelea na mkate na majani ya chai, na walikaa sebuleni mlango umefungwa. Alipoondoka, kulikuwa na lori. Mume wangu alimwambia baba yake kwamba lori lilitupita kwa kasi na upepo wake ukaisukuma karavani. Alimwambia askari wa trafiki. Aliwaambia watu kanisani, waliposimama kutuombea. Mimi niliwaambia wanawake tuliokuwa tunaosha nao vikombe kwamba hapakuwa na lori.

Maneno yalifika kwa baba mkwe upesi. Baada ya miezi michache aliniita. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, vitambaa vya kufuma vimetandikwa kwenye viti vyote, mume wangu pembeni yake. Dada naye alikuwa ameletwa, maana alikuwa ametoka hospitali wakati huo, magongo yake yameegemezwa ukutani. Nilifurahi nilipomwona. Nilidhani amekuja upande wangu.

"Mama," baba mkwe alianza kwa upole, "nasikia unasemanga kwamba mume wako ni mwongo."

"Sisemi ni mwongo, baba. Nasema hapakuwa na lori. Mahindi yaliwekwa nyuma, na alifunga breki. Aliniambia mwenyewe."

"Sikusema hivyo," mume wangu alisema. Hakunitazama.

"Wewe ulikuwa umefungiwa ndani ya sanduku," baba mkwe akaendelea. "Dereva alikuwa nje, na mzee wa watu alikuwa nje, wote wanasema lori. Wewe uliona na nini?"

"Kuna dirisha."

"Dada yako alikuwa humo na wewe. Mguu ni wake. Tumwulize yeye." Akamgeukia. "Mwanangu, ulisikia nini siku hiyo?"

Dada alikuwa na homa siku ile. Alikuwa amelala chini ya blanketi mbili, uso umeelekea ukutani. Alitazama magongo yake, akamtazama mume wangu, kisha akasema, "Nilisikia lori."

Baba mkwe alishukuru Mungu, akaomba, chai ikaletwa. Nilikunywa chai hiyo.

Nje, nilipokuwa namsaidia kutembea mpaka barabarani, nilimwuliza kwa nini.

"Mguu umeshaenda," alisema. "Hautarudi kwa maneno yako. Wewe una nyumba, una baba ya watoto. Unajua kukaa bila mwanamume ni nini? Hujui. Mimi najua."

"Lakini alijua mahindi yamewekwa vibaya. Ni yeye aliyetufundisha."

"Najua alijua. Sasa unataka nifanye nini na hiyo?" Alisimama kupumzika, kwapa likimuuma. "Nyamaza, mdogo wangu. Kwa ajili yangu nyamaza."

Nilijaribu. Ningeweza labda, kama lori lingebaki vilevile. Lakini lilianza kukua. Mwanzoni lilikuwa lori tu. Baada ya miezi kadhaa lilikuwa limebeba mbao. Kisha likawa halina namba, na dereva wake alikuwa amelewa, akitoa mkono dirishani. Mume wangu aliwasimulia wageni wetu sebuleni, mimi nikiwa napitisha sahani, na alilisimulia vizuri, kwa sababu alikuwa msimulizi mzuri tangu zamani. Alilisimulia hata kwa maneno yaleyale aliyowafundisha madereva: jinsi alivyoacha mafuta, jinsi alivyoshika usukani umenyooka, jinsi ambavyo hakugusa breki. Siku moja aliishiwa pumzi katikati, akanigeukia mbele ya wageni na kusema kwa upole, "Mama watoto, hebu wamalizie wewe. Ulikuwako."

Niliweka sahani mezani. Nilisema, "Sikumbuki," nikaenda chumbani. Kabla ya Desemba nyingine kufika nilikuwa nimehama, nikapanga chumba karibu na soko la Kakamega. Watoto walibaki kwa baba yao, kama desturi ilivyo, nikawa nawapata likizo.

Kazi ya kiwandani haikuja. Yule mzee alistaafu, akahamia Lugari moja kwa moja, na mwaka wa uchaguzi uliofuata nilimwona kwa mbali akishangilia juu ya gari la mtu. Mume wangu aliendelea na pikapu yake akibeba mchanga na mawe ya kujengea. Karavani ilikokotwa hadi nyumbani kwa dada, wakaiondolea magurudumu wakayauza, na kuku wakaingia.

Aliyeumia zaidi na kuondoka kwangu ni dada. Hakumlaumu aliyemvunja mguu. Alinilaumu mimi. Alisema nimeiharibu nyumba kwa kisingizio cha mguu wake, na watu watasema yeye ndiye sababu. Kwa mwaka mzima hakunipa maneno zaidi ya salamu. Mume wangu, kwa upande wake, hakumwacha. Alimnunulia cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Alimletea kuni. Kila alipopita Malava alishuka kumjulia hali, na kila mara dada alimwekea chakula.

Krismasi moja, karibu na mwisho wa miaka ile ya tisini, nilikwenda kumsalimu dada na nikamkuta mume wangu amefika kabla yangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri, mvi zimemwingia kando ya masikio. Tulisalimiana kama watu wa kanisa moja. Dada alichinja kuku, ingokho kwa lugha yetu, kwa sababu mgeni wa heshima halishwi mboga kwetu, na kipande cha mgeni wa heshima alipewa mume wangu. Kulikuwa na jirani mpya pale, mke wa mwalimu aliyehamishiwa Malava, akamwuliza dada kwa upole mguu ulipatwa na nini.

Nilimtazama mume wangu. Aliangalia sahani yake. Nadhani yeye asingesema kitu siku ile.

Dada ndiye aliyesimulia. Alisimulia akiwa anapakua supu, bila haraka: lori la mbao, lisilo na namba, dereva amelewa, mkono umetoka dirishani. Alisema aliliona mwenyewe likija. Alisema kama si ustadi wa shemeji yake, wote tungekufa.

"Mungu ni mwema," mke wa mwalimu akasema.

"Ni mwema," dada akajibu, akanisogezea bakuli. "Kula, mdogo wangu. Inapoa."

Nilikula. Baadaye niliosha vyombo, na jioni ilipokaribia dada alinisindikiza mpaka barabarani, akiegemea bega langu upande ule wa mguu mfupi. Alikuwa mzito kuliko zamani. Tuliongea juu ya uzi, jinsi unavyokatika siku hizi, na juu ya binti yake aliyetaka kusomea uuguzi.